Kuhesabu wanyama mtoni na kurudi nyumbani

Wandugu wanachama, kazi ya kuandika wanyama wa kandokando ya mto tunaifanya kwa kujitolea. Hakuna mshahara, hakuna bima. Kwa hiyo somo la safari hii haliongei juu ya mpunga wala mihogo.

Tuanze na mtumbwi. Watu wakisikia hatari ya mtoni wanafikiri mamba. Sisi tunaogopa kwanza mtumbwi uliojaa. Siku moja tuliondoka kisha saa sita, watu watano ndani ya mtumbwi wa watu watatu, tena na gunia la mihogo la jirani aliyeomba tumsaidie. Upepo ulitangulia mvua, maji yakaingia. Tuliokoka juu ya kuwa karibu na ukingo, lakini daftari la majuma matatu likapotea. Tangu siku ile gunia la mtu halipandi. Ukingo wa mtumbwi ubaki juu ya maji kwa urefu wa kiganja kizima, na kila mmoja awe na bidoni tupu ya litre tano, iliyofungwa vizuri, yenye kamba. Jile ni bora, ila bidoni inapatikana. Mtumbwi wa mti ukipinduka, ushikilie, usiogelee peke yako: mti unaelea hata ukijaa maji. Ngurumo ikisikika, tokeni majini mara moja.

Kiboko hula majani usiku na kurudi majini asubuhi. Usisimame katikati yake na maji. Mamba naye hutega pale watu wanapochota na kuoga. Usishuke kwa miguu penye maji meusi, wala penye kongo ya sika nyingi, hauoni kilicho chini. Kuhesabu mamba usiku kwa tochi, macho yao yanang'aa mekundu, ni kazi nzuri, lakini tunawaachia wale waliofundishwa.

Sasa jambo linalotuumiza kichwa zaidi: mnyama aliyekutwa amekufa. Nyama ya bure, mtu atasema. Mwaka 2014 Ebola ilizuka upande wa Boende, na mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa ametayarisha nyama ya porini. Mpox nayo, mgonjwa wa kwanza duniani aliandikwa Basankusu mwaka 1970. Kote kuwili ni msitu mmoja na wetu, ng'ambo hii ya mto Kongo ambako bonobo anaishi. Kwa hiyo nyani, bonobo au mboloko aliyekufa haguswi, hata kwa fimbo. Simama mbali, andika mahali na siku, peleka habari kwenye kituo cha afya na kwa chifu. Ukipata homa kisha safari, mwambie muuguzi ulikuwa wapi.

Mkikuta ganda za risasi, mitego au kambi ya wawindaji, msifuate nyayo wala msiulize majina. Sisi si walinzi. Kazi ya kukamata ni ya ICCN. Pengine mwindaji ni shemeji yako, na jioni mtakutana sokoni. Andikeni mkiisha kufika mbali, daftari likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mama prezidenti wa koperative majina, njia na saa ya kurudi. Saa kumi na mbili jioni ikipita hamjafika, yeye anatuma mtumbwi wa pili.