Wajane Waliorukwa kwenye Mgao

SOMO LA WIKI
Andiko: Matendo ya Mitume 6:1-7. Soma pia Kutoka 18:13-26.



Juma hili tunajifunza kuhusu ndugu na dada wanaojitolea kutembelea wagonjwa, wajane na wazee wa ushirika wetu. Hawalipwi, na wengi wao hawajawahi kushika maikrofoni. Lakini Mchungaji ni mmoja, na Katilu ni kubwa. Hawezi kufika kila boma, toka mashamba ya kando ya mto Turkwel hadi kwa walio mbali na mifugo.

Tusome Matendo 6 polepole. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limejaa Roho, watu wanaokoka, na bado kukawa na manung'uniko. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa katika huduma ya kila siku. Biblia haisemi walichukiwa. Lakini mjane aliyelala njaa hashibi kwa kuambiwa alisahaulika tu.

1. Mitume walisikiliza.
Hawakusema walalamikaji wamepungukiwa imani. Waliita kanisa lote, wakatafuta njia. Mama mmoja mjane aliniambia wakati wa ukame, "Mwalimu, nilisikia mgao umeisha kabla sijasikia umefika." Mtu akisema hivyo, usimkemee. Mketi naye.

2. Walichagua watu wa kufaa.
Sifa zilikuwa tatu: kushuhudiwa vema, kujaa Roho na kuwa na hekima. Sasa angalia majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo. Yote ni ya Kiyunani, na Nikolao alikuwa mwongofu wa Antiokia. Inaonekana kanisa liliweka chakula mikononi mwa watu wa upande ule uliorukwa!

Na sisi je? Yuko nyanya asiyejua Kiswahili, anangoja mkalimani amwambie kwa Kiturkana. Hana simu. Anakaa ng'ambo ya mto, na mto ukijaa havuki. Akikosa ibada Jumapili tatu, nani atajua? Kwa hiyo nasema, daftari la mgao lisishikwe na wanaokaa karibu na kanisa peke yao. Tuchague pia mtu wa ng'ambo, na mtu wa jamii za wafugaji.

3. Kazi iligawanywa.
Yethro alimwona Musa akichoka toka asubuhi hadi jioni, akamshauri aweke viongozi, hata wa watu kumi kumi. Nasi tufanye hivi:

- Kila mhudumu awe na nyumba kumi anazozijua kwa majina.
- Nendeni wawili wawili. Ndugu asiende peke yake kwa dada anayeishi peke yake.
- Tunza siri. Ugonjwa wa mtu usiugeuze kuwa hoja ya maombi mbele ya watu bila ruhusa yake. Wengi wameacha kuja kanisani kwa sababu hiyo.
- Omba, kisha msaidie mgonjwa afike hospitali. Usimwambie mtu aache dawa za TB au za Ukimwi eti ana imani. Akiacha, anaweza kufa, na watoto wakabaki yatima.
- Ukizidiwa, mwambie mzee wa kanisa mapema.

Mstari wa 7 unaonyesha matokeo: neno la Mungu likaenea, wanafunzi wakaongezeka, hata makuhani wengi wakaamini. Uamsho huo ulikuja baada ya wajane kupata chakula chao. Tusiombe uamsho huku tukiruka majina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Ni nani hajaonekana kwetu mwezi huu? Taja majina, si idadi.
2. Nani ataenda kwake kabla ya Jumapili?

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kuwaona wasioonekana, na miguu ya kuwafikia. Katika jina la Yesu. Amina.