SOMO LA MWEZI: MFARISHI WA VIRAKA KWA WATU WA NYUMBANI



Somo letu la mwezi huu ni la sindano na uzi. Ninayeliandika si fundi wa cherehani, bali ni mshonaji wa nyumbani tu. Nawashonea watoto, wajukuu na wageni wangu, wala siuzi. Wazee wa pwani kitu kinachoshonwa kwa tabaka, cha kulalia au kujifunikia, hukiita mfarishi. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa wengi hukiita blanketi la viraka. Jina lolote litumikalo, mwezi wa Juni na wa Julai, usiku unapokuwa na baridi, mtoto atakushukuru.

1. KAZI HII SI NGENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba kuunganisha vipande ni alama ya umaskini. Basi na tukumbuke kanga ilivyoanza. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vya mraba ambavyo jina lake limetoka katika lugha ya Kireno. Leso ziliuzwa zikiwa bado hazijakatwa katika jora. Wanawake, kama isimuliwavyo, walichukua leso 6, wakazikata mapande 2 yenye leso 3 kila moja, wakayashona ubavu kwa ubavu. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipoona faida, wakaanza kuchapisha nguo nzima. Kwa hiyo vazi tunalojivunia lilianza kwa mshono wa mkono.

Tena tazama kofia za viua za Unguja na Lamu. Vitundu vyake vyote hushonwa kwa mkono, na kofia moja nzuri yaweza kuchukua miezi. Mara nyingi mke alimshonea mumewe.

Wazee wetu pia hawajasahau miaka iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nguo zilikuwa haba, watu walipanga foleni kwa kitambaa, na kiraka kilishonwa juu ya kiraka. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wafanyabiashara kuleta bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na nguo za mitumba zikaanza kujaa masokoni. Leo blanketi la dukani laweza kupatikana. Kwa nini basi tushone? Jibu utalipata katika sehemu ya tano.

2. VITU VINAVYOTAKIWA

(a) Kanga au vitenge vikuukuu, mapande 3.
(b) Kanga 1 nzima kwa upande wa chini.
(c) Blanketi kuukuu au shuka nzito kwa tabaka la katikati.
(d) Sindano, uzi imara wa pamba, mkasi mkali, kipimo cha tepu, na subana ya kukinga kidole.
(e) Kipande cha karatasi ngumu kwa kukatia kigezo.

Kabla ya kukata, fua nguo zote, hasa zile mpya, na uzianike mpaka zikauke. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Nilichanganya kanga nyekundu mpya na mashuka meupe ya zamani. Siku ya kufua, wekundu ukatoka na kuyachafua meupe yote, na ile kanga mpya ikajikunja na kuvuta mishono mpaka vipande vya kando vikachanika. Bwana Yesu alilitumia jambo hilihili katika mfano wake wa kiraka kipya katika vazi kuukuu (Marko 2:21). Waliomsikiliza walikuwa watu wenye kushona nguo zao, wakamwelewa. Basi fua mpaka maji yawe safi, ndipo ukate.

3. HESABU YA VIPANDE

Tuchukue mfarishi wa mtoto. Kata kigezo cha karatasi cha sentimeta 17 kila upande. Sentimeta 1 ya kila ukingo itaingia katika mshono, na kipande kitakachoonekana kitakuwa cha sentimeta 15. Vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu ni vipande 63. Mfarishi utakuwa wa sentimeta 105 kwa 135.

Kanga nzima ya sentimeta 110 kwa 150 hutoa vipande 48. Lakini kanga kuukuu huwa imelika mahali pa kukalia na pa kumfungia mtoto mgongoni. Inua nguo kwenye mwanga wa jua. Palipo pembamba mno usipatumie, maana patachanika mwaka uleule. Ukipata vipande 24 katika kila kanga, kanga 3 zitakupa 72, nawe utakuwa na akiba ya 9.

4. KUSHONA

Kwanza, panga vipande vyote juu ya mkeka, ukimwita mtu mwingine atazame nawe. Usishone mpaka mmeridhika.

Pili, shona vipande 7 kuwa mstari mmoja, kwa mshono wa kurudia nyuma, kwa sababu mshono wa kwenda mbele tu hufumuka upesi. Fanya mistari 9, kisha iunganishe.

Tatu, tandika kanga ya chini, uso wake ukielekea mkekani. Juu yake weka blanketi, na juu ya blanketi weka kazi yako ya viraka. Piga bandi tabaka zote tatu, ukianzia katikati na kwenda nje. Ukianzia pembeni, nguo itajikusanya katikati, na uvimbe huo hautoki tena.

Nne, pitisha uzi kwa mishono midogo kufuata kila mstari wa vipande, ukishika tabaka zote tatu. Mishono hii ndiyo izuiayo blanketi la ndani kukusanyika upande mmoja. Kisha toa bandi.

Tano, sawazisha kingo na uzifunge kwa upindo wa kitenge wenye upana wa sentimeta 6. Urefu wake utakuwa kama mita 5, nawe waweza kuuunga kwa vipande.

Shona mchana, au chini ya taa nzuri. Macho hayanunuliwi sokoni.

5. SANDUKU LA MAMA

Sasa nasimulia jambo la kwetu. Mama alipofariki alituacha mabinti wanne. Baada ya matanga, mjomba, ambaye kwa desturi yetu ya Kimwera ndiye mwenye neno katika mambo ya ukoo, aligawa nguo nzuri kwa ndugu. Zikabaki kanga 3 kuukuu, zile alizokwenda nazo shamba la mikorosho. Hazikuwa na thamani yoyote sokoni. Lakini kila mmoja wetu alizitaka, na kwa ajili ya matambaa yale tulikaa miezi minne bila kusalimiana vizuri.

Mama mkubwa ndiye aliyetuita. Akasema, "Wanangu, mnagombania nguo, au mnagombania nani alipendwa zaidi?" Hatukuweza kumjibu. Akatushauri tuzikate, tushone.

Dada mkubwa alikataa. Alisema, "Shikamoo mama, lakini mimi siwezi kumkatakata mama yangu kwa mkasi." Tukamwachia kanga moja nzima. Zile mbili zikatoa vipande 48, yaani 16 kwa kila mmoja wetu watatu. Mstari wenye jina la kanga tuliukata mzima kabla ya vipande vingine, ili maneno yasikatike. Tulikutana kwangu kila Jumamosi mchana, kila mtu akiongeza nguo za nyumbani kwake kutimiza 63. Wiki za kwanza tulizungumza habari za sindano tu. Wiki ya tatu mdogo wetu alicheka kwa jambo alilokumbuka la mama, nasi tukacheka naye, kisha tukalia.

Dada mkubwa alikuja wiki ya tano. Hakuleta kanga yake. Alileta uzi, akaketi, akatusaidia kufunga upindo. Kanga yake bado iko nzima katika sanduku lake, nasi hatumlaumu. Mfarishi wangu analalia mjukuu asiyemjua bibi yake mkuu, naye huuliza habari za kila kipande.

6. TUJIFUNZE NINI?

Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo kila mwaka (1 Samweli 2:19). Mtoto aliishi mbali naye, na kanzu ilibidi ishonwe kabla ya kuonana. Kwa hiyo kila mwaka alilazimika kuwaza: sasa amefika urefu gani? Mikono yake imekuwaje? Kumshonea mtu ni kumfikiria kwa saa nyingi. Na Dorkasi alipokufa huko Yafa, wajane hawakumweleza Petro sifa zake kwa maneno mengi. Walimwonyesha nguo alizowashonea (Matendo 9:39).

Basi tusingoje sanduku lifunguliwe baada ya msiba. Akina baba nao wasikae mbali, maana mafundi wengi wa cherehani barazani ni wanaume. Mwenye mama aliye hai na akamwombe leo kipande kimoja cha kanga yake kuukuu, na amuulize aliivaa siku gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika ukoo wako, nguo za marehemu hugawiwaje, na nani huachwa nje?
2. Dada mkubwa alikataa kukata. Je, alikosea? Eleza sababu.
3. Ni nani katika mtaa wenu anayelala bila kifuniko wakati wa baridi? Kikundi chenu chaweza kutoa vipande 63 kwa ajili yake?