Kukaa na Mgonjwa wa Akili Aliyezidiwa



Mgonjwa wa akili anapozidiwa, hajalala siku kadhaa, anasikia sauti au anasema wazi kwamba anataka kufa, kamati huombwa kwanza vijana wenye nguvu na kamba. Somo la toleo hili linahusu kazi nyingine: kumwangalia. Kazi hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayookoa maisha.

Mlinzi hukaa mlangoni ili mtu asitoroke. Mwangalizi hukaa karibu, humwita mgonjwa kwa jina lake na kumweleza kwa nini yuko pale. Wakiweza kuzungumza, wazungumze. Asipotaka, akae naye kimya bila kumkodolea macho. Katika hospitali yetu ya Lutindi, kule Usambara, wagonjwa waliopata nafuu hushiriki kazi za mikono na bustani. Mtu mwenye jembe mkononi husema mengi ambayo hangeyasema kitandani.

Mwongozo wa taifa uliotolewa Uingereza mwaka 2015 unapanga uangalizi kwa ngazi: kila dakika 30 hadi 60; kila dakika 15 hadi 30; na ule wa kutomwacha kabisa, awe machoni pako au umbali wa mkono. Ngazi huamuliwa na wataalamu baada ya kumpima, na hushushwa anapopata nafuu. Katika ngazi ya juu mtu mmoja asizidishe saa 2, maana macho na moyo huchoka.

Hapo ndipo usharika unapohusika. Wodini muuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi, hivyo anayekaa kitandani ni ndugu, na mara nyingi ni mama yuleyule usiku na mchana. Kamati iandike zamu, itoe nauli na chakula cha waangalizi. (Wafadhili wetu hupenda jengo, na tunashukuru, nauli ya mtu wa zamu ya usiku haipigwi picha.)

Zaidi ya hayo, usipite kwa saa ileile kila mara, kwani mgonjwa hujifunza ratiba yako. Chooni na bafuni ndiko kunakosahaulika. Usiku usiridhike na umbo chini ya blanketi: tazama kifua kinavyopanda na kushuka, hasa baada ya sindano ya kutuliza, pumzi ikipungua, mwite muuguzi mara moja. Wembe, mikanda na kamba viondolewe, naye aelezwe sababu. Na mtu aliyekuwa na huzuni kubwa akichangamka ghafla, akianza kugawa vitu vyake, usipunguze uangalizi.

Katika daftari usiandike "ametulia". Andika: amekula nusu sahani, amelala saa 3, amesema sauti zimerudi. Zamu zikabidhiane mbele ya mgonjwa mwenyewe, asisikie anasemwa koridoni.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kazi haijaisha. Wiki za kwanza zina hatari kubwa. Mzee wa kanisa amtembelee ndani ya siku 3, aulize kama dawa zipo na kama usingizi unakuja. Asiogope kumuuliza kama bado anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Sumu za shambani, za kahawa au za pamba, zihamishiwe kwa jirani na kufungiwa huko mpaka kliniki iseme vinginevyo.