Nguo za Mtoto Mchanga na Jinsi ya Kuzikadiria

Wavulana wa bweni letu waliposikia kwamba nitaandika juu ya nguo za watoto wachanga walicheka sana. Na wacheke. Huku kwetu Lukuledi mara nyingi baba ndiye ashikaye fedha za korosho, naye asipojua kipimo fedha hizo hupotea bure.

Kwanza yafaa tujue jinsi mtoto akuavyo. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huwa na urefu upatao sentimeta 50. Akitimiza miezi 3 hufika karibu 60, miezi 6 karibu 67, mwaka mmoja karibu 75, na miaka 2 karibu 87. Apendaye hesabu ataona mara moja kwamba zile sentimeta 10 za kwanza huja kwa miezi mitatu tu, lakini mwaka wa pili mzima huleta 12. Kwa hiyo nguo ndogo kabisa zinunuliwe chache, nne au tano za kubadilisha. Kumjazia sanduku ni kuwawekea panya akiba.

Nguo nyingi za mitumba zitokazo Ulaya zina namba shingoni: 56, 62, 68, 74, 80, 86. Hizo ni sentimeta za urefu wa mtoto mwenyewe, toka utosini hadi kisiginoni, wala si urefu wa nguo. Nyingine zimeandikwa miezi, na hiyo miezi isituongoze sana. Watoto wawili wa umri mmoja hawana mwili mmoja, tena nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi huenda imesinyaa.

Njia iliyo bora ni kwenda guliani na uzi. Mlaze mtoto mkekani akiwa na nepi yake, kisha pima toka begani, mbele ya tumbo, hadi katikati ya miguu. Kata uzi hapo. Ukifika kwenye fungu la nguo tandaza ile uitakayo, uweke uzi juu yake, na upate ziada ya vidole vitatu. Hapo namba ikisema hivi au vile, haidhuru. Tazama na shingo pia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayotosha mwili haipiti kichwani. Chagua yenye vifungo begani au mbele. Vifungo vinavyolegea vishonwe upya asije akavimeza, na kamba za shingoni ziondolewe.

Sasa nije kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Fedha za korosho huja mwishoni mwa mwaka, wakati wa joto, lakini baridi huja Juni na Julai, hasa kule juu Newala penye ukungu. Tuseme mtoto amezaliwa katikati ya Oktoba. Mwezi wa Desemba ana miezi miwili na urefu wa kama 58. Mzazi hununua sweta la 62, akaona limempendeza. Juni ikifika mtoto ana miezi minane na urefu wa kama 70, na mikono ya sweta imeishia viwikoni. Mzazi huyo angenunua la 74 na kulihifadhi. Lakini asiruke mpaka 86, kwa kuwa mtoto wa miezi minane hutambaa, naye huikanyaga nguo ndefu na kuanguka.

Anayeshona mwenyewe ana nafasi zaidi. Kanga iliyochakaa ni laini na hunyonya jasho, kuliko nailoni mpya inayong'aa. Aache upindo wa sentimeta 5 chini na mikunjo miwili kwenye mabega, afumue mmoja mmoja mtoto akirefuka.

Nguo zikifuliwa zianikwe kambani, si majanini wala mchangani, maana kuna nzi atagaye mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini na kuleta jipu. Pasi ya mkaa ipitishwe pande zote mbili, na kwenye mapindo.

Wako wanaosifu nguo iliyomtosha mtoto muda mrefu. Mimi sikubaliani nao. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa hakuonekani upesi kwa macho ya mtu anayemwona mtoto kila siku. Katika mwaka wa kwanza, miezi mitatu ikipita na mikono ya shati haijapungua hata kidogo, apelekwe kliniki na kadi yake apimwe uzito na urefu, na mama aulizwe ananyonya mara ngapi na uji wake hutiwa nini.