Sifuri Yako Iko Wapi?

Kitendawili! Tega! Peke yangu sina thamani, lakini nikisimama kulia kwa mwenzangu namkuza mara kumi. Mimi ni nani?

Bila shaka umeshapata: ni sifuri. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, *sifr*, yaani kitu kitupu. Wahindi walitangulia kuihesabu sifuri kuwa namba kamili, na mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kuijumlisha na kuitoa. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu hesabu za Kihindi, na kwa njia ya Waarabu neno likafika Ulaya. Huko lilizaa watoto wawili. Wa kwanza ni *zero*. Wa pili ni *chiffre*, ambalo ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Goma waliosoma kwa Kifaransa wanalijua kwa maana ya tarakimu. Ni ndugu wa tumbo moja wanaopishana darasani kila siku bila kusalimiana.

Lakini ndugu msomaji, somo letu leo si historia ya neno. Ni swali moja ambalo mwanafunzi wa sayansi, na hata asiye wa sayansi, anapaswa kuliuliza kila anapopewa namba: umeanza kuhesabu kutoka wapi? Namba bila mwanzo wake ni kama anwani bila jina la mji. Tuangalie mifano ya kila siku.

1. Siku ya tano ni ipi?

Mwambie mgeni: "Tukutane siku ya tano ya wiki." Atakuja lini?

Kwa Kiswahili hesabu inaanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Vizuri. Lakini inayofuata tunaiita Alhamisi, na *khamis* kwa Kiarabu ni ya tano vilevile! Waarabu wao wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayeshangaa.

Haijaisha. Muganda anaiita Ijumaa *Lwakutaano*, na Mnyarwanda na Mrundi wanasema *ku wa gatanu*. Zote maana yake ni siku ya tano, kwa sababu wao wanaanza Jumatatu. Basi katika chumba kimoja cha hosteli, wanafunzi watatu wanaweza kukubaliana kukutana "siku ya tano", na mmoja akaja Jumatano, wa pili Alhamisi, wa tatu Ijumaa. Wote wamehesabu sawasawa. Walichotofautiana ni mahali pa kuanzia tu.

Hata siku yenyewe ina mwanzo wake. Kwa kalenda ya Hijria siku inaingia jua linapozama. Ukialikwa kwenye kisomo "usiku wa Ijumaa", ujue unaalikwa Alhamisi baada ya Magharibi. Anayehesabu kutoka saa sita ya usiku atafika kesho yake na kukuta mikeka imeshakunjwa.

2. Saa moja na futari

Saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa kutoka kuchomoza na kuzama kwa jua, na Waganda, Wanyarwanda na Warundi wanahesabu hivyohivyo. Hesabu hii inatufaa sisi tunaoishi karibu na ikweta, kwa kuwa mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima. Mtu wa Ulaya ya kaskazini, ambaye jua lake la Desemba linachungulia na kuondoka, isingemfaa.

Sasa angalia jambo la ajabu. Kigali jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi. Kampala huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Miji hii haiko mbali, kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Jibu ni kwamba jua halijachelewa, ila saa ya ukutani ya Kampala imeanzia kwingine. Uganda, Kenya na Tanzania zinafuata saa iliyowekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo inapita karibu na Mogadishu. Kampala iko karibu na nyuzi 32 na nusu. Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki zinafuata saa ya nyuzi 30, na Kigali iko hapohapo karibu kabisa. Ndiyo maana Adhuhuri ya Kigali huingia karibu na saa 6, na ya Kampala huelekea saa 7.

Kanuni ni nyepesi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4.

Kanuni hii si ya mtihani peke yake. Kila Ramadhani ratiba za futari hutumwa kwenye simu kutoka kundi hadi kundi, na mara nyingine jina la mji limekatwa. Chukua ratiba ya Mombasa uitumie Kampala. Mombasa iko karibu na nyuzi 39 na nusu, yaani nyuzi 7 mashariki ya Kampala. Zidisha kwa 4 upate dakika 28. Saa za ukutani za miji yote miwili zinasoma sawa, lakini Kampala jua huzama takriban nusu saa baadaye, na dakika chache huongezeka au kupungua kwa msimu. Anayefuturu kwa ratiba hiyo amefungua saumu jua likiwa bado linaonekana. Tofauti ya longitudo tu imetosha kumharibia swaumu aliyoishika tangu alfajiri. Kabla ya kusambaza ratiba, tazama imeandikwa ya mji gani.

3. Je, joto limeongezeka mara mbili?

Asubuhi ilikuwa nyuzi 15, mchana nyuzi 30. Je, joto limekuwa mara mbili?

Wengi watajibu ndiyo, na watakosea. Sifuri ya Selsiasi haina maana ya "hakuna joto". Ni mahali maji yanapoganda, basi. Ni sifuri ya makubaliano, na ilishawahi kugeuzwa: mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi alipopendekeza kipimo chake, aliweka 0 mahali maji yanapochemka na 100 yanapoganda! Waliokuja baada yake ndio waliogeuza.

Sifuri ya kweli ya joto iko chini sana, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hapo ndipo kipimo cha Kelvin kinapoanzia. Kwa Kelvin, asubuhi ilikuwa 288 na mchana 303. Ongezeko ni kama asilimia 5 tu.

Ndugu zetu wa mwaka wa kwanza wa fizikia na kemia, hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kanuni za gesi zinazidisha na kugawanya joto, na huwezi kugawanya kwa kipimo ambacho sifuri yake si ya kweli. Kubadili kwenda Kelvin si desturi ya mwalimu, ndiyo hesabu yenyewe.

4. Sufuria ya maharage

Tumekaririshwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukipima kwenye maabara ya Kampala utapata takriban 96, na Kigali takriban 95. Wapo wanaodhani themomita ni mbovu, wakaandika 100 kwenye ripoti ili "jibu litoke". Hapo umeacha kupima, umeanza kunakili.

Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu yake, na Kigali karibu mita 1,550. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi, kwa kushuka uzi mmoja hivi kwa kila mita 300. Maji yanayochemka kwa nyuzi 95 hayana moto wa kutosha kulainisha maharage upesi kama ya Mombasa. Mpishi wa hosteli anayelalamika kuwa kuni hazitoshi ana hoja ya kifizikia.

Usawa wa bahari nao ni sifuri ya makubaliano, na una maajabu yake. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari. Lakini kina chake kinafika mita 1,470. Toa, na utaona kuwa sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mvuvi wa Bujumbura amekaa juu kuliko bahari, na nyavu zake zinaelea juu ya shimo lililo chini kuliko bahari.

Chemsha bongo

Jaribu kabla ya kutazama majibu.

1. Jengo lina ngazi 20 kati ya sakafu na sakafu. Sakafu ya chini inaitwa ya 1. Kutoka ya 1 hadi ya 5 utapanda ngazi ngapi?
2. Umeondoka Katuna, upande wa Uganda, saa 4 kamili asubuhi. Nusu saa baadaye uko ndani ya Rwanda. Saa za huko zinasoma ngapi?
3. Kutoka Januari 1 mwaka 5 KK hadi Januari 1 mwaka 5 BK ni miaka mingapi?
4. Gesi ina ujazo wa lita 2 kwa nyuzi 27 za Selsiasi. Kanieneo haibadiliki. Ifikishwe nyuzi ngapi za Selsiasi ili iwe lita 4?

Majibu

1. Ngazi 80. Tano ni sakafu, lakini nafasi kati yake ni nne.
2. Saa 3 na nusu. Umesafiri mbele, saa imerudi nyuma.
3. Miaka 9. Kalenda hiyo haina mwaka wa sifuri: baada ya mwaka 1 KK unakuja mwaka 1 BK.
4. Nyuzi 327. Nyuzi 27 ni Kelvin 300, mara mbili ni 600, kisha toa 273. Ukijibu 54, rudi kwenye sehemu ya tatu.

Ukipata yote manne, mtegee mwenzako wa chumba. Akikosa, usimcheke. Muulize tu: sifuri yako iko wapi?