SOMO LA UMEME: FENI INANGURUMA LAKINI HAIZUNGUKI



Hapa Kipili joto la mwambao wa ziwa ni kali. Mwenye umeme hununua feni. Siku moja anaiwasha, inanguruma, lakini haizunguki. Wengi husema, "Imeungua hiyo," wakaitupa. Pengine mota yake ni nzima. Kilichokufa ni kidude kidogo kiitwacho kapasita.

Kapasita ni nini?

Kapasita hupokea umeme, huutunza kwa kitambo kidogo sana, kisha huurudisha. Hufanya hivyo mara nyingi katika sekunde moja. Mota hupata msukumo wa kuanza kuzunguka. Pampu nyingi za maji za nyumbani pia zinayo.

Ndani yake mna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele. Umepakwa aluminiamu au zinki. Tando mbili zimeviringwa pamoja kama mkeka. Umeme wa utando huu unavutana na wa utando ule, lakini plastiki inauzuia kupita. Hapo ndipo umeme unapotunzwa. Plastiki hiyo huitwa polipropilini. Viroba vya mahindi navyo hufumwa kwa plastiki ya aina hiyo.

Kwa nini hufa?

Utando ukitoboka, aluminiamu iliyo kando ya tundu huungua. Tundu hutengwa, na kapasita huendelea na kazi, lakini nguvu yake imepungua kidogo. Joto likizidi, matundu huongezeka. Mwishowe inashindwa kuianzisha mota.

Tufanye nini?

1. Feni ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja. Ukiiacha, mota itaungua kweli, na mota ni ghali kuliko kapasita.

2. Chomoa waya ukutani. Zungusha panga kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi, shuku kapasita. Likiwa zito, huenda tatizo ni beringi.

3. Usifungue mwenyewe. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Usiguse nyaya zake, wala usiziunganishe kwa bisibisi. Fundi humaliza umeme huo kwanza.

4. Soma namba za kapasita ya zamani. Namba ya maikrofaradi (µF) ya mpya iwe ileile. Volti zisipungue.

Kusoma umekwisha kujua, ndugu. Basi soma namba hizo kabla hujatoa fedha.

Maswali ya kujadili

1. Kapasita hutunza umeme kwa njia gani?
2. Kwa nini tuzime feni inayonguruma bila kuzunguka?
3. Kuchomoa waya kunatosha kutukinga? Eleza.