Diski Nyingi, Fungu Moja la Namba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Kwa vijana wa Ujiji na Kigoma mnaojifunza kuandika viendeshi vya diski kwenye Linux. Someni kabla ya kugusa kibodi.

FANYA

Jua idadi ya namba zako. Kila ombi linaloshuka kwenye diski hubeba namba, na namba zina mwisho. Diski ya SATA hupokea maombi 32 tu kwa mpigo. Diski zikiwa chini ya kidhibiti kimoja, mara nyingi huchota namba kwenye fungu moja.

Gawa kwa haki. Tajiri mmoja akijaza boti ya Kibirizi kwa magunia yake ya dagaa, abiria wa Kagunga watalala mwaloni. Linux hugawa namba kwa idadi ya diski zinazotumika wakati huo, bila kushuka chini ya 4 kwa kila moja. Ni kweli, diski mvivu hukalia namba isizozihitaji. Hata hivyo, acha hesabu hiyo kama ilivyo.

Tenga namba za dharura. Zote zikishikwa, hata amri ya kufuta ombi lililokwama haitapita.

USIFANYE

Usirudishe namba mapema. Hili ndilo linaloua data. Ombi likipitiliza muda wake, ukaiachia namba yake kabla diski haijaliacha, namba hiyo itapewa ombi jingine. Kisha jibu la zamani linafika limechelewa: kerneli inaamini ombi jipya limekamilika, na data inaangukia kwenye kumbukumbu ambayo sasa ni ya programu nyingine. Futa ombi kwanza, au washa upya kidhibiti, uhakikishe, ndipo uachie.

Usizunguke ukingoja nafasi. Iambie kerneli rasilimali zimekwisha, itarudi yenyewe.

Usibomoe fungu la namba kabla diski zote hazijaondolewa.

Usiseme data imeandikwa ilhali ingali kwenye kumbukumbu ya muda ya diski. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Mnajua umeme hauagi.

Usinakili mifano ya zamani. Kitabu cha Linux Device Drivers, toleo la tatu la 2005, ni kizuri, lakini foleni kinayoifundisha iliondolewa kwenye Linux 5.0 mwaka 2019.

Na kiendeshi ambacho hujakipima kwa diski mbili zikiandika kwa pamoja, usikiweke kwenye kompyuta ya mteja.